Boksi Lililotoka Mtoni

Nyinyi madereva wenzangu wa maegesho ya malori pale Mpemba mmeniuliza, mmoja mmoja na wengine kwa makundi, ilikuwaje Nzowa akafa na mimi nikarudi na mkono huu. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Nikianza tu, mtu ananikatisha, anasema angekuwa yeye angeruka. Sasa naandika. Naandika kwa mkono wa kushoto, na shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo msinicheke mistari ikipanda mlima. Majina nitayataja. Asiyependa jina lake litajwe alitakiwa afikirie mapema.

Kwa asiyejua: Nzowa ndiye alikuwa dereva, mtu wa Isansa, na mimi Simbeye dereva wake wa pili. Tumekaa kabini moja miaka kumi na moja. Karatasi ya polisi inasema Nzowa alisimamisha gari kwenye ukungu bila kuwasha taa na bila kuweka alama yoyote barabarani, kwa hiyo kosa ni lake. Hiyo ndiyo karatasi aliyosomewa mke wake. Na maelezo yaliyoifanya karatasi hiyo yana dole gumba langu. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

TUNDUMA MPAKA ITAKA

Tulitoka asubuhi, gari tupu, tunafuata chumvi Ivuna. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wanaisubiri kwa ajili ya mifugo yao.

Lori lenyewe mnalijua, lile jeupe. Magari ya zamani taa ilikuwa na waya wake na swichi yake, ikiharibika moja unarekebisha moja. Haya ya siku hizi kila kitu kinapita kwenye boksi moja la plastiki, limejificha chini ya dashibodi upande wa abiria, ukubwa wake kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Mafundi wanaliita kompyuta ya bodi. Taa ziko humo, waipa humo, honi, indiketa, kufuli za milango, hata ruhusa ya injini kuwaka. Boksi likiumwa, gari zima linakuwa kama limepandwa na pepo.

Letu lilikuwa linaumwa tangu zamani. Nilishamwambia Kessy, msimamizi wa magari ya tajiri wetu, mara tatu. Akawa anajibu, "Simbeye, gari linatembea halitembei?" Linatembea. "Basi tembea."

Tulipofika Mlowo waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, jua limewaka. Nzowa akacheka.

"Linawapungia watu mkono," akasema. "Lina adabu kuliko wewe."

Hatukucheka Itaka. Pale barabarani watu walikuwa wamebeba jeneza, wanaelekea makaburini, na sisi tukapunguza mwendo, tukazima redio, Nzowa akavua kofia. Ndipo honi ikalia yenyewe. Si kidogo. Ililia mfululizo, kama ya bwana harusi, na Nzowa hajagusa kitu. Akapiga usukani, akazima ufunguo, bado inalia. Mimi nikaruka chini nikakimbilia betri. Mpaka nimechomoa kichwa cha betri, watu wameshatuzunguka, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi mkononi.

"Mnamshangilia nani?" mzee mmoja akauliza. Alikuwa baba wa marehemu.

Nzowa alishuka akapiga magoti kwenye vumbi. Akasema kwa Kinyiha, lugha ya kwao, maneno ambayo mimi mtu wa Kinamwanga niliyashika nusu: kwamba honi ni mbovu, kwamba na yeye amezika mtoto, hawezi kumfanyia mtu hivyo. Mzee akamtazama muda mrefu.

"Kama si makusudi," akasema, "basi mtazika na sisi."

Tukaegesha. Tukabeba, tukafukia, tukakaa chini na wanaume wengine, tukaletewa ugali na maharage yasiyo na mafuta. Marehemu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nzowa alikula tonge mbili tu. Tulivyoagana yule mzee akamwambia, "Katengenezeni hiyo honi kabla haijawaua." Tuliitikia, ndiyo mzee, tutatengeneza. Nikachomoa fyuzi ya honi, tukaondoka bila honi.

MTEREMKO

Baada ya pale barabara inafika ukingoni na kuanza kushuka bonde la Rukwa. Mnaoijua mnaijua. Nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja, upande mwingine ni vilele vya miti. Kona ya nne, tunavyozihesabu kutoka chini, gari likazima lote, kama mtu amekata umeme. Nzowa alilishika kwa breki ya mkono, nikatupia mawe kwenye matairi.

Akachukua panga akakata matawi. Aliyapanga mbele ya gari hatua hamsini na nyuma hatua hamsini, maana barabara ni nyembamba na anayepanda au anayeshuka wote lazima wajue. Pembetatu zetu za kuakisi mwanga zilishaibwa zamani, na tangu tumeanza kazi hii matawi ndiyo pembetatu yetu sote. Nikachomoa betri, nikasubiri, nikarudisha. Boksi likaamka. Gari likawaka.

Nzowa alikuwa tayari amepanda. Akanitolea kichwa dirishani.

"Matawi vipi, tuyatoe?"

Nikasema, "Acha, litazima tena tukichelewa. Mwenye shida mwingine atayatumia."

Nimeandika maneno yangu kama nilivyoyasema. Kila mmoja wenu ameshayasema hayo. Barabara zetu zimejaa matawi ya magari yaliyoondoka zamani, yamekauka, na hakuna gari.

IVUNA

Tulifika Ivuna na boksi likafa kabisa. Unazungusha ufunguo, dashibodi nyeusi, injini haikohoi. Mvua ikaanza. Siku mbili tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja mchemsha chumvi, Mama Skola, anapika yale maji ya chemchemi kwenye mapipa yaliyopasuliwa mpaka ibaki chumvi. Moshi, joto na chumvi kwenye kope. Alitupikia kambale kwa nyanya, na kila siku alituuliza swali lilelile.

"Yaani gari zima hilo, magurudumu yote hayo, limeshindwa kwa sababu ya kiboksi?"

"Ndiyo mama," Nzowa anamjibu.

"Kilichokufa ni kama roho?"

"Ni kama karani, mama. Karani hayupo, ofisi imefungwa."

Mama Skola akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo ilikuwa tabia ya Nzowa, hata akiwa na shida lazima mtu acheke.

Mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Nikapanda, nikampigia Kessy. Akasema, "Fungua boksi uje nalo Tunduma. Nzowa abaki na gari." Nikalifungua, nikalifunga kwenye khanga ya Mama Skola, nikaanza safari ya kurudi peke yangu. Nzowa alinisindikiza hadi mwisho wa mashimo ya chumvi. Alikuwa anatetemeka kidogo. Nikamuuliza, akasema ni baridi ya mvua.

KAMSAMBA KUPANDA JUU

Mpaka Kamsamba nilibebwa na pikipiki, tumeteleza mara nne. Kamsamba nikapata lori la mpunga, dereva wake kijana wa Kisukuma aliyekulia kule bondeni na ng'ombe wa baba yake, anaitwa Maduhu. Lishikeni jina hilo, lakini si kwa ubaya.

"Mzee, umebeba mtoto?" akaniuliza, akiona nimekumbatia khanga.

Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Mimi gari langu ni la waya na nyundo. Likigoma nalipiga."

Alinipa viazi vitamu na maziwa ya mgando ya kwao. Hakutaka kitu kwangu. Tukaanza kupanda. Pale mlimani, aliniambia, lori lenye mzigo lazima uliingie na mwendo; ukipunguza kwenye kona ya nne hupandi tena, utarudi kinyumenyume mpaka chini. Alikuwa anaongea hivyo huku anakanyaga mafuta, na mara yakatokea matawi. Akafunga breki. Gari likalia, likapoteza nguvu, likazima. Mbele hakuna kitu. Barabara tupu, na matawi mengine kule juu.

Yalikuwa ya kwetu.

Maduhu alishuka, akatukana mama za watu, akahangaika nusu saa kuliondoa gari, linarudi nyuma, anaweka jiwe, linarudi. Nilimsaidia mawe. Aliporudi kwenye usukani jasho linamtiririka.

"Mara ya tatu wiki hii, mzee. Mara ya tatu nafunga breki kwa ajili ya majani. Mbwa gani ameyaacha haya? Wallahi sifungi tena."

Ningeweza kusema, ni mimi. Ningeweza kushuka nikayatupa bondeni, kazi ya dakika tano. Lakini kuyatupa ilikuwa sawa na kukiri, na nilikuwa nakula viazi vyake. Nikasema tu, "Watu hawana akili." Tukaondoka.

TUNDUMA, GEREJI

Gereji ya umeme ni ya Ambakisye, mnamfahamu, pale nyuma ya maghala. Alilifungua boksi, akanionyesha. Ndani kumeota kijani, kama mkate uliolala.

"Hili limekwisha," akasema. "Agiza jipya Dar, lije, niliingizie namba ya gari lako kwa kompyuta, basi. Wiki moja, siku kumi."

Kessy akaja. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Siku kumi? Wazambia wanasubiri chumvi, wewe unaniambia siku kumi? Kuna boksi kwenye lile gari lililozama."

Gari lililozama ni lile jekundu, pacha wa letu, lililochukuliwa na Mto Momba mvua za mwaka juzi, likakaa majini hadi dashibodi. Tangu hapo limewekwa kwenye mawe yadi, kila siku linanyofolewa kitu. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi: gari likifa linalisha wenzake. Kioo unakitoa, taa unaitoa, siti. Lakini kioo kikizama hakisahau kuona. Boksi si kioo.

Ambakisye alijua. Nashuhudia kwa mdomo wake mwenyewe: alisema, "Kessy, hili limekunywa maji. Leo litafanya kazi, kesho likipata unyevu litalala."

Kessy akasema, "Likaushe."

Na Ambakisye, fundi mwenye cheti ukutani, akalikausha. Alilianika juani juu ya bati, mchana akaliweka karibu na jiko la mkaa, akalipiga mswaki kwa petroli, akaingiza namba ya gari letu. Akaliunganisha na betri pale mezani, taa ya majaribio ikawaka, indiketa zikafanya kazi. "Unaona?" Kessy akasema. "Jipya hilo."

Niliona. Niliona na kitu kingine. Kwenye tundu la plagi, kwenye kona, kulikuwa na tope limekauka, jekundu kama la Momba, na meno mawili ya shaba yameliwa. Nikalikwangua kwa ukucha. Sikusema. Sababu ni kwamba siku ile asubuhi Nzowa alikuwa amepanda kichuguu akanipigia, sauti imekauka. Homa ilikuwa imempata kweli. Akasema, "Simbeye, njoo unitoe huku, kaka. Kambale nimewachoka na kambale wamenichoka." Nikawaza siku kumi nyingine, yeye amelala kwenye kabini, mvua inanyesha. Nikaona bora boksi bovu leo. Mimi nimeendesha magari miaka ishirini na saba, nimeona tope kwenye plagi, na nikalifunga tena kwenye khanga.

Nikanunua dawa ya malaria na mkate, nikarudi Ivuna.

IVUNA TENA

Nilimkuta Nzowa amekonda, amekaa jikoni kwa Mama Skola anachochea moto. Alikunywa dawa, siku ya tatu akawa anatembea. Boksi nililifunga mwenyewe. Nikazungusha ufunguo, dashibodi ikawaka yote, na injini ikaitika. Watoto na wachemsha chumvi wakapiga vigelegele. Nzowa aliwasha taa moja moja akizitaja kama anaita mahudhurio shuleni: kubwa, yupo, ndogo, yupo, za nyuma, wapo. Nikarudisha fyuzi ya honi. Akaibonyeza mara moja, fupi, akaachia, akasikiliza. Ikanyamaza.

"Karani amerudi ofisini," akamwambia Mama Skola.

Mama Skola akatufungia kambale wa kukaanga kwenye jani, na akakataa nimrudishie khanga. "Mtafungia boksi likiumwa tena," akasema.

Nilimwambia Nzowa lilikotoka? Nilimwambia. Nilisema, limetoka kwenye jekundu. "Lililozama?" Ndiyo. "Ambakisye anasemaje?" Na mimi nikasema, "Anasema liko sawa." Hilo halikuwa kweli, na alikufa akiliamini.

KUPANDA

Tulipakia siku mbili. Tukaondoka Ivuna alfajiri, tukavuka Kamsamba jua limetoka, tukaanza kupanda. Bondeni kulikuwa kweupe. Kufika kona ya tatu tukaingia kwenye ukungu, ule mzito wa mvua za mwisho, unaoingia mpaka ndani ya kabini ukiacha kioo wazi. Nzowa akawasha taa zote na waipa. Yeye ndiye aliziwasha, nilimwona, niko pembeni yake. Polisi wanasema hakuwasha. Aliziwasha tangu kona ya tatu, na zikawaka, na tulivyoingia kona ya nne zikafifia, zikarudi, zikafifia, na gari likazima lote. Taa, hazadi za tahadhari, waipa, honi, injini. Kimya. Unasikia maji tu yanadondoka kwenye miti.

"Unyevu," nikasema.

Nzowa alishika breki ya mkono, nikatupa mawe. Hatukugombana. Alichukua panga.

"Wewe mwamshe karani," akasema. "Mimi nakwenda nyuma kuweka matawi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Polisi wameandika hakuweka alama. Nilisikia panga. Nililisikia likikata, mara nne, mara tano, na nikasikia anayaburuta barabarani. Mimi nimesimama kwenye ngazi ya upande wa abiria, mlango wazi, mkono wa kushoto umeingia chini ya dashibodi kwenye plagi, wa kulia umeshika fremu ya mlango. Nikasikia lori linapanda kutoka chini. Linapanda kwa nguvu, halipunguzi. Nilijua mlio ule. Gari la waya na nyundo.

Nzowa alipiga kelele, "Oya! Oya!" Nadhani alikuwa anapunga tawi. Maduhu alikuja kuniambia baadaye kwamba aliona matawi. Aliyaona kwenye ukungu, na akajisemea, ni yaleyale ya siku zile, akakanyaga mafuta asipoteze mlima.

Sitaandika nilichosikia. Gari letu lilisukumwa, likaruka mawe, mlango ukajifunga kwenye mkono wangu. Ndivyo vidole vitatu vilivyobaki kule. Nzowa alikuwa katikati ya magari mawili, na bado ameshika tawi.

Maduhu alishuka. Akaniona mimi kwanza. "Mzee?" akasema. "Mzee wa boksi?" Kisha akaona nyuma. Akakaa barabarani, akashika kichwa, na huyu kijana ambaye hakumfahamu Nzowa hata siku moja alilia mpaka watu wa kwanza walipofika. Alinifunga mkono kwa khanga ya Mama Skola. Kama si yeye ningeishiwa damu.

HOSPITALI

Siku ya nne Kessy alikuja wodini na machungwa. Akakaa kitandani kwangu, akashusha sauti.

"Simbeye, pole. Mungu amempenda zaidi. Sasa sikiliza. Marehemu hawezi kufungwa. Wewe na mimi na fundi tunaweza. Boksi lilikuwa zima, Nzowa alisahau taa. Homa, unajua tena. Mtu mwenye homa anasahau."

Nikamuuliza boksi liko wapi. Akasema gari limeshavutwa yadi. Boksi halikuonekana tena. Plagi inaning'inia, mwenye macho akaangalie.

Karatasi ya maelezo yangu kwa polisi ilikuwa imeshaandikwa. Sikuisoma, nilikuwa na dawa za maumivu kichwani, lakini sitajificha nyuma ya dawa. Nilijua kilichoandikwa. Nikaogopa jela, nikaogopa kuulizwa kuhusu matawi. Nikatoa dole la kushoto, Kessy akalishika, akalikandamiza kwenye wino kama mtu anayembatiza mtoto. Maduhu akapelekwa mahabusu kwa kugonga. Nzowa akabebeshwa kosa akiwa kaburini. Tajiri alipeleka mchele na sanda msibani, akasifiwa.

ISANSA

Nilikaa nyumbani mpaka kahawa zikaiva. Kisha nikaenda Isansa.

Mama Tumaini, mke wa Nzowa, alikuwa anachambua kahawa kwenye kichanja cha kuanikia. Alinikaribisha, "Karibu shemeji, pole na mkono," akanipa kigoda, akaendelea kuchambua. Nikasimulia yote haya mnayoyasoma, kuanzia honi ya Itaka. Vidole vyake havikusimama hata pale nilipofika kona ya nne. Mbovu huku, nzuri huku. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Siku ya kwanza, nani alisema matawi muyaache?"

"Mimi."

"Baba Tumaini alisemaje?"

"Aliuliza kama tuyatoe."

Hapo ndipo vidole viliposimama. Akafuta mikono kwenye khanga.

"Kijiji chote kinaniambia mume wangu alikuwa mzembe," akasema. "Watoto wanaambiwa shuleni. Na wewe ulikuwa na hilo neno mfukoni miezi yote hii."

Akaenda kumwita Elia, kaka mkubwa wa Nzowa, karani wa chama cha wakulima wa kahawa, mwenye mwandiko mzuri. Elia alikaa na daftari. Nikasema, akaandika. Akauliza nani wenye makosa, niwataje kwa mpangilio. Nikamtaja Kessy, aliyelazimisha boksi lililozama. Nikamtaja Ambakisye, aliyelikausha akijua.

"Na huyu Msukuma?" Elia akauliza, kalamu iko juu.

"Maduhu hapana. Andika Simbeye."

"Simbeye yupi?"

"Mimi."

Akamtazama shemeji yake Mama Tumaini, akaandika.

Mama Tumaini akaomba asomewe tangu mwanzo, polepole. Aliposikia jina langu hakutikisika. Alimsimamisha Elia mahali pamoja tu, akataka iandikwe vizuri kwamba mume wake aliwasha taa, na kwamba alikufa ameshika tawi.

Sikupewa chakula Isansa. Kwa mila za pale mnajua maana yake: hujasamehewa. Nililala kwa mkatekista, na asubuhi tukaenda Vwawa kituoni sote watatu, mimi, Elia na Mama Tumaini. Askari wa mapokezi alisoma daftari, akaniangalia mkono, akaniangalia usoni.

"Mzee, wewe ulishatoa maelezo mengine. Ukileta haya maana yake yale ulidanganya. Unajua unaweza kutoka hapa ukiwa na kesi?"

Nikasema najua.

"Kaa hapo, mkubwa atakuita."

Kwa wanaouliza yameishia wapi: hayajaishia. Maduhu yuko nje kwa dhamana. Kessy haniangalii tukipishana mjini. Mimi naripoti kituoni kila Jumatatu, na wakili hayupo.

Lakini siku ile tulikaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Elia katikati, mimi mwisho huku, Mama Tumaini mwisho kule na kikapu chake magotini. Tangu jana yake hakuwa ameniita shemeji. Mlango ukafunguliwa, jina langu likaitwa. Nikasimama, nikabaki pale nimeshika daftari. Ndipo akaongea, bila kunigeukia.

"Nenda, Simbeye. Anza na boksi, umalizie na wewe."

Nikaingia.